Waliobeba Vita Visivyo Vyao

Hakuna mtu katika nchi hii asiyelijua jina la Kariakoo. Aliye Dar es Salaam huenda pale kununua kitenge, sufuria au mbegu za mchicha; aliye mbali hulisikia redioni, hasa siku za mpira. Lakini tukiwauliza waamini wetu mia moja wanaotoka Misa ya kwanza jina hilo limetoka wapi, twaogopa kwamba watakaojibu hawatajaza benchi moja. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jina lililotamkwa kwa ulimi wa wenyewe waliobeba mizigo. Kambi yao ilikuwa hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwezi Septemba 1916. Nairobi nako kuna mtaa wa jina hilo hilo, Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo. Miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki inaita soko na mtaa kwa jina la watu ambao haikuwazika ipasavyo, wala haiwakumbuki.

Tumeona toleo hili tuliweke mbele yenu jambo hilo. Tume yetu huzungumza mara nyingi juu ya vita vya leo, wakimbizi wa leo na silaha za leo, na ni haki kufanya hivyo. Hata hivyo ziko hesabu za zamani ambazo hazijafungwa, na mtu akizipitia huelewa vizuri zaidi jinsi vita vinavyozaliwa na ni nani hasa hulipa gharama yake.

Shuleni tulifundishwa kwamba vita hivyo vilianza kwa risasi. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana Mserbia wa Bosnia mwenye umri wa miaka 19, Gavrilo Princip, alimwua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Julai, Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi, na tarehe 3 dhidi ya Ufaransa. Tarehe 4 majeshi yake yaliingia Ubelgiji, na siku hiyo hiyo Uingereza ikaingia vitani. Juma moja lilitosha. Mwanafunzi anayekariri tarehe hizo hupata maksi zake, na sisi wenyewe tulizipata.

Lakini risasi ile ilikuta nyumba imekwisha kumwagiwa mafuta ya taa. Kwa miaka mingi mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yamefungana kwa mikataba, mingine ya siri, kwamba mmoja akipigwa na mwenzake atapigana. Uingereza na Ujerumani zilishindana kujenga manowari. Majemadari walikuwa wamepanga ratiba za treni za kupeleka askari mipakani, ratiba zilizobanana kiasi kwamba aliyeanza kuita jeshi lake alimlazimisha jirani kuita la kwake kabla hajachelewa. Mwanzoni mwa mwezi Julai 1914 Ujerumani iliiahidi Austria-Hungaria kuiunga mkono kwa lolote itakaloamua, na ahadi ya namna hiyo mkononi mwa mwenye hasira ni hatari kuliko bunduki. Kila serikali ilisema inajihami. Tukizisoma leo barua za siku zile, twawaona watu wengi waliokuwa na hofu, na wachache mno waliokuwa tayari kurudi nyuma hatua moja kwa kuogopa kuonekana dhaifu.

Wako wanaosema kwamba kugombea makoloni ndiko kulikoleta vita. Kweli, mataifa yale yalikuwa yamegombana juu ya Moroko mwaka 1905 na tena mwaka 1911, na uchungu wa ugomvi ule ulibaki. Hata hivyo hatuamini kwamba mwaka 1914 mtu yeyote mjini Vienna au Berlin alianza kupigana kwa ajili ya Tabora au Lindi. Hilo ndilo linalouma zaidi. Watu wetu hawakuwa hata sababu ya ugomvi ule.

Tena palikuwa na njia ya kuwaepusha. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ule ule uliotumika kuligawa bara letu, ulikuwa na vifungu vilivyoruhusu nchi za bonde la Kongo na za jirani, mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, ziwekwe nje ya vita vya Ulaya. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitamani jambo hilo. Hakuwa na huruma ya pekee kwa Waafrika. Alijua tu kwamba miaka saba ilikuwa imepita tangu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo jeshi la Kijerumani lilivimaliza kwa kuchoma mashamba na maghala, njaa ikaua kusini nzima watu wengi kuliko risasi. Lakini mkuu wa jeshi lake, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka vita. Shabaha yake aliieleza waziwazi: askari wake wachache wawavute Waingereza wengi kadiri iwezekanavyo, wasipate kwenda kupigana Ulaya. Kwa maneno mengine, nchi nzima na watu wake ilifanywa chambo. Waingereza nao hawakungoja kushawishiwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari yao iliupiga mji wa Dar es Salaam kwa mizinga ili kuuharibu mnara wa simu za upepo. Tusitafute malaika upande wowote.

Mapigano yenyewe hatutayasimulia kirefu, maana vitabu vyake ni vingi na vingi vimeandikwa na wapenda vita. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India na wakafukuzwa na kikosi cha watu kama elfu moja, nyuki wakisaidia. Mwaka 1916 jemadari Jan Smuts wa Afrika Kusini aliingia na jeshi kubwa kutoka kaskazini, Wabelgiji wakaingia kutoka Kongo na kuuteka mji wa Tabora mwezi Septemba. Mwezi Oktoba 1917 pale Mahiwa, karibu na misheni ya Nyangao, watu waliuana kwa siku nne mfululizo. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, akazunguka, akarudi, na hatimaye akasalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamazisha bunduki.

Ndugu wasomaji, tuwaombe mkae nasi kidogo katika jambo moja dogo, jambo la jikoni, kwa sababu ndani yake ndimo walimofia wengi. Nchi hii wakati ule ilikuwa na reli mbili tu: moja kutoka Tanga hadi Moshi, nyingine kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyokamilika mwaka ule ule wa 1914. Nje ya hapo hapakuwa na barabara ya kuitwa barabara. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi kila risasi, kila gunia la unga, kila hema la afisa na sanduku lake ilibidi lipande juu ya kichwa cha mtu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 20 hadi 25. Yeye mwenyewe alipaswa kula karibu kilo moja ya unga kila siku ili aweze kutembea. Pigeni hesabu: akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, amekwisha kuula karibu mzigo wake wote, na askari anayengoja mbele hajapata kitu. Kwa hiyo ilibidi waongezwe wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi, na wengine wa kuwabebea hao. Jeshi kadiri lilivyozidi kuingia bara, ndivyo lilivyozidi kula watu.

Afisa akitaka kupunguza hesabu hiyo, mahali pa kwanza alipopunguzia palikuwa tumbo la mpagazi. Watu wa nyanda za juu walishushwa mabonde ya Rufiji na Kilwa bila blanketi. Aliyezoea ndizi, wali au uwele alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na kwa kuwa mwendo haukuruhusu kuupika sawasawa, aliula nusu mbichi. Tumbo likavurugika, kuhara damu kukaingia, halafu malaria, halafu kichomi. Risasi iliua wapagazi wachache. Waliobaki waliuawa na ugali, kama mtu anaweza kuthubutu kusema hivyo.

Walipatikanaje? Wachache, mwanzoni, walikwenda kwa hiari wakitafuta mshahara. Hao walipokwisha, serikali ya Kenya ilitunga sheria mwaka 1915 ya kuwachukua kwa nguvu, na mshahara wao ukapunguzwa badala ya kuongezwa. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa, na chifu aliyepewa idadi hakupeleka watoto wake. Alipeleka maskini, yatima, mgeni, na yule aliyekuwa na kesi naye. Mwaka 1917 palifanyika msako mkubwa uliokusanya zaidi ya watu laki moja. Wajerumani nao kwa upande wao waliwachukua wanaume, na mara nyingi wanawake na watoto, wakawatembeza chini ya ulinzi, na jeshi lilipokwisha kupita wakaachwa njiani bila ujira, mbali na kwao. Wabelgiji walitumia zaidi ya laki mbili. Huko Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tenga-tenga. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wote waliopita katika kazi hiyo huhesabiwa karibu milioni moja.

Wapo waliokataa. Mwezi Novemba 1914, baada ya Waafrika wengi wa Nyasa kuuawa katika mapigano ya Karonga, mchungaji wa Kibaptisti John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti moja la nchi yake. Aliuliza kwa nini watu wake waitwe kumwaga damu katika ugomvi usiowahusu, ilhali wakati wa amani hawahesabiwi kuwa kitu, na ni nani atakayewatunza wajane na yatima. Serikali iliizuia barua. Mwezi Januari 1915 Chilembwe aliinua watu kwa silaha; wazungu watatu waliuawa katika shamba kubwa la jirani, naye akapigwa risasi tarehe 3 Februari, na wafuasi wake wengi wakanyongwa. Sisi tunaofundisha njia ya amani hatuwezi kuisifu panga la Chilembwe. Lakini twajiuliza mara kwa mara ingekuwaje kama barua ile ingechapwa na kujibiwa. Mwaka 1917 Wabarue wa Msumbiji nao waliasi, na moja ya sababu ilikuwa upagazi wa lazima.

Na Kanisa? Hapana budi tulitaje bila kujipendelea. Papa Benedikto XV, aliyechaguliwa mwezi Septemba 1914, vita vikiwa na mwezi mmoja, aliviita mauaji yasiyo na faida, na tarehe 1 Agosti 1917 aliwaandikia wakuu wa mataifa kuwasihi wapunguze silaha, warudishiane nchi walizotwaa na wapeleke mashauri yao mbele ya mwamuzi. Hakuna aliyemsikiliza. Tayari mwaka 1915, katika mkataba wa siri wa London, Italia ilikuwa imeahidiwa na wenzake kwamba Papa hatakaribishwa kwenye mazungumzo ya amani. Lakini chini ya Papa yalikuwapo makanisa ya kila taifa, na katika makanisa hayo mapadre wa Kijerumani waliombea ushindi wa Ujerumani, na wa Kifaransa ushindi wa Ufaransa, kwa Misa ile ile na Kilatini kile kile. Katika Afrika Mashariki misheni za madhehebu mbalimbali zilisaidia kuandikisha wapagazi, na askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, Frank Weston, aliongoza kikosi chao yeye mwenyewe, ingawa kwa sifa yake hawakumwona akipanda machela wakati wao wanatembea. Tunaposoma habari hizo leo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Yatupasa kujiuliza sisi tungefanya nini, kabla ya kusema tusingefanya.

Palikuwa pia na waliokwenda upande wa wagonjwa. Mapadre na masista wa Consolata kutoka Nyeri walihudumia hospitali za wapagazi, na miongoni mwao alikuwa sista kijana wa Kiitaliano, Irene Stefani. Alifanya kazi Voi, kisha Kilwa, kisha Lindi, katika mabanda yaliyojaa watu wa makabila yasiyoelewana lugha, wakilala chini, wakinuka. Husimuliwa kwamba huko Kilwa siku moja alimkosa mgonjwa aliyekuwa akimwandaa kwa ubatizo. Akaambiwa amekufa na amekwisha kupelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Akaenda, akapekua miili kwa mikono yake, akamkuta bado anapumua. Wagikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma, na Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Twamtaja hapa kwa sababu nyingine pia: katika vita vile vyote, hapa kwetu, ni wachache sana wanaojulikana kuwa walimtafuta mpagazi mmoja kana kwamba alikuwa na jina.

Vita vilipokwisha, hesabu ziliandikwa. Kwa upande wa Waingereza, vifo vya wapagazi vilivyokubaliwa rasmi vilikaribia 95,000, na wanaoijua habari hii wanaamini kwamba waliokufa ni wengi zaidi, kwa kuwa aliyetoroka, aliyepotea na aliyefia njiani akirudi kwao aghalabu hakuandikwa popote. Idadi ya waliokufa upande wa Wajerumani ni ya kukisia tu. Nje ya majeshi ilikuja njaa. Ugogo, ambako Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe na nafaka, na Waingereza waliowafuata wakachukua kilichobaki, wazee waliiita njaa ile Mtunya, na wapo waliobadilishana watoto kwa chakula. Mwishoni mwa mwaka 1918 mafua makali ya dunia nzima yaliingia kwa njia za askari na wapagazi wanaorejea, yakawakuta watu wasio na nguvu za kuugua.

Wakati huo huo wakubwa walikaa Paris kugawana. Mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu siku ya Sarajevo. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikawa Tanganyika chini ya Uingereza, Ruanda-Urundi ikapewa Ubelgiji, na kipande kidogo cha Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, kikaenda kwa Wareno. Maandishi yalisema kwamba nchi hizi zimewekwa amana kwa ajili ya ustawi wa wenyeji wake. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Huko Ulaya mkataba uliwaachia Wajerumani deni na fedheha, na baadaye akatokea mtu aliyejua kuitumia fedheha hiyo. Mwaka 1939 dunia ikarudi vitani, na vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda wakapelekwa mpaka Burma.

Katika Kenya, askari wa kizungu waliotoka vitani waligawiwa mashamba kuanzia mwaka 1919, mengine yakikatwa katika nchi ya Wanandi. Mpagazi aliyerudi alipewa kipande cha kuvaa shingoni, chenye alama za vidole vyake, asipate kuacha kazi ya bwana wake bila ruhusa. Hasira ya kipande, kodi na mishahara ndiyo iliyomwinua Harry Thuku, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Katika Ruanda-Urundi, Wabelgiji waliokabidhiwa amana ile waliwaandika watu katika miaka ya 1930 kwa kabila, Mhutu, Mtutsi, Mtwa, katika kitambulisho cha kila mtu mzima. Mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani nchini Rwanda, na aliyekutwa na neno moja badala ya jingine hakuvuka. Hatusemi kwamba Versailles iliua Rwanda. Waliokamata mapanga walikuwa na hiari yao, na wengine wao, twakiri kwa aibu, walikuwa wamebatizwa nasi. Twasema tu kwamba aliyegawa nchi bila kuwauliza wenyewe aliacha kazi mbaya ikamiliwe na wengine.

Turudi kwa wapagazi, maana habari yao haikwisha mwaka 1918. Mishahara ya waliokufa ilibaki katika vitabu vya serikali. Jamaa zao hawakuweza kuidai kwa kuwa marehemu hawakuandikwa vizuri, na waliokosea kuandika ni wale wale waliokuwa wanadaiwa. Maombi kwamba fedha hiyo itumike walau kwa faida ya makabila yaliyotoa watu yalizungushwa miaka na miaka, na mwisho yakakataliwa. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa hai wa jeshi la Lettow-Vorbeck. Lilikuwa jambo jema, japo lilichelewa. Wapagazi hawakuwamo.

Mwaka 1927 sanamu ya Askari ilizinduliwa katikati ya Dar es Salaam, ameinamisha bunduki kuelekea bandarini. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini mwenye sura pale juu ni askari peke yake. Nairobi walifanya vema kidogo: katika kundi la sanamu za huko mmoja ni mpagazi. Na makaburi? Katika miaka hiyo hiyo wakuu wa utawala wa Kiingereza waliamua kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe haraka yarudi kuwa pori, kwa kuwa kuyatunza ni kupoteza fedha. Yakaachwa. Makaburi ya maofisa yana ukoka uliokatwa mpaka leo, kila jiwe na jina lake, na hatuna ubaya na hilo. Kila marehemu anastahili hivyo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha taarifa ikikiri kwamba watu kati ya 116,000 na pengine 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ndio uliosababisha. Iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita.

Mtu atasema, radhi imeombwa, tuyaache. Twaheshimu wazo hilo lakini hatulikubali. Tume ile haiwezi kuyarudisha majina isiyokuwa nayo. Kama yapo bado, yako kwa bibi na babu zetu: katika koo ambazo kuna jina la mtu aliyekwenda Kariakoo asirudi, au mtoto aliyeitwa kwa jina la vita, au shamba linaloitwa la fulani ambaye hakuna amjuaye. Waliowajua wapagazi kwa macho wamekwisha kufariki. Waliosimuliwa na hao waliowajua wana miaka themanini na tisini, na kila mwezi tunawazika wawili watatu katika parokia hii.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei na wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo jambo ambalo halihitaji fedha. Kuanzia juma hili hadi mwisho wa mwezi Oktoba, kila jumuiya imtume kijana mmoja anayejua kuandika kwa mkono unaosomeka, awatembelee wazee wa eneo lake, wa dini zote, akaulize swali moja: nani wa ukoo huu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita? Aandike jina, jina la baba, kijiji alikotoka, na mahali alikosikika mara ya mwisho, kama mahali hapo panajulikana. Mzee akitaka kuongea habari nyingine, asimkatize. Jina likikosekana, aandike kile kilichopo. "Kaka wa babu yake fulani" ni mwanzo wa kutosha. Asiulize kabila wala dhehebu. Karatasi ziletwe kwa katekista, naye atazinakili katika daftari moja litakalowekwa pembeni mwa kitabu cha marehemu cha parokia, na tarehe 2 Novemba majina hayo yatasomwa yote, hata kama yatatuchukua asubuhi nzima.